Kiingereza cha Mbalaga

Nilifika Tukuyu na sanduku moja, cheti changu cha ualimu na sweta nyepesi niliyodhani ingetosha. Nilikulia Kitui, Kenya, ambako mvua huombewa kanisani. Tukuyu ilinyesha siku niliyofika, ikanyesha kesho yake, na mtondogoo nikaacha kuanika nguo nje.

Ilikuwa miaka ile Tanzania ilipowafungulia watu binafsi milango ya biashara. Madukani zilikuwa zimejaa bidhaa za kila nchi, na shule zinazofundisha kwa Kiingereza zilianza kuchipuka. Wazazi kadhaa wa Rungwe, wakulima wa chai na ndizi pamoja na wenye maduka wa mjini, walikuwa wameungana kuanzisha shule ya msingi ya namna hiyo. Mwalimu mkuu akavuka mpaka kutafuta mwalimu wa Kiingereza, akanipata mimi.

Nilipangishiwa chumba Ibighi, kwa bibi mmoja mjane ambaye watoto wake walikuwa wametawanyika Mbeya na Dar es Salaam. Alinipokea mlangoni na kikombe cha chai.

"Isaga, mwanangu," alisema, yaani karibu. "Unatetemeka hivyo, huko kwenu hakuna baridi?"

"Kuna jua tu, bibi."

"Basi utakula mpaka upate joto."

Nikala kweli. Asubuhi magimbi ya kuchemsha na chai ya maziwa, mchana viazi kutoka Isongole, jioni ndizi. Mbalaga, ndivyo walivyoziita zile ndizi zinazopikwa mbichi, na kwa bibi zilipikwa na maharage, na nyama ikipatikana. Alinifundisha kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, kwa sababu utomvu wake ukikauka vidole vinakuwa vyeusi kama vya fundi magari. Aliziweka sufuriani na kuzifunika kwa jani la mgomba, halafu hakutaka mtu afunue mpaka yeye aseme.

Sokoni ndiko nilikopata aibu yangu ya kwanza. Nilimwendea mama mmoja muuza ndizi nikasema, kama tunavyosema kwetu, "Nipe hizo."

Yule mama akanitazama juu mpaka chini. "Nikupe? Kwani ulizileta wewe?"

Wenzake wakacheka. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikamsimulia bibi. Alicheka mpaka akafuta macho na kanga yake. "Hapa tunasema naomba," akasema. "Hata kama pesa unayo mkononi, unaomba."

Shuleni nako mambo yalikuwa magumu. Darasa langu la nne lilikuwa na watoto wasafi, wenye heshima, na kimya kama kaburi. Waliandika vizuri, lakini nikiuliza swali kwa Kiingereza kila mmoja aliinamia dawati. Vitabu vyetu vilisimulia familia iliyokula mkate na siagi na kuchuma tufaha bustanini, na nilipowauliza chochote kuhusu familia ile walinitazama kama watu wanaosubiri kuadhibiwa. Wazazi walianza kunong'ona. Baba mmoja, mkulima wa chai kutoka vijiji vya Kisiba, alimwambia mwalimu mkuu nikiwa nasikia, "Huyu Mkenya wenu anashiba ndizi zetu, lakini watoto bado ni mabubu."

Maneno yale yaliniuma. Siku ile niliingia darasani nimekasirika, nikasahau lugha ya somo na kuagiza kwa Kiswahili: "Leteni vitabu zenu hapa mbele!"

Kicheko kikapita chini ya madawati, kikakatika ghafla. Msichana wa mstari wa mbele, binti wa yule yule mkulima wa chai, alinyoosha kidole polepole.

"Vyenu, mwalimu," akasema. "Vitabu vyenu."

Niliziona shingo za darasa zima zikijikaza, zikingoja fimbo. Hapo ndipo nilipoelewa kilichowafunga midomo.

"Vitabu vyenu," nikarudia. "Asante. Nikikosea tena nirekebishe." Nikageukia ubao, nikawaeleza mapatano: wao watanisahihisha Kiswahili, mimi nitawasahihisha Kiingereza, na hakuna atakayechapwa wala kuzomewa kwa kosa la mdomo. Kisha nikafunga kile kitabu cha mkate na siagi. "Niambieni kwa Kiingereza, jana usiku mlikula nini?"

Yule msichana alisimama kwanza. Sentensi yake ilichechemea, kitenzi kikaja mwishoni na wingi ukapotea, lakini ndizi zilikuwemo, maharage yalikuwemo, na mama yake alikuwemo akikoroga. Kabla ya kengele kulia, nusu ya darasa ilikuwa imesema chakula chake cha jioni. Wawili walibishana, kwa Kiingereza kibovu cha kupendeza, kama mbalaga ni tamu zaidi kwa maharage au kwa nyama.

Siku ya wazazi ilipokaribia, kamati ilitaka watoto wakariri shairi. Niliomba badala yake wapike. Mwalimu mkuu alisita, kisha akakubali. Bibi alileta sufuria yake kubwa, na asubuhi hiyo mvua ikaja pia, tukahamishia mafiga kwenye baraza ya ofisi. Moshi uliwatoa wageni machozi kabla hata hatujaanza.

Watoto walimenya, wakakata vitunguu, wakieleza kila hatua kwa Kiingereza. Wazazi walikuwa wakipiga makofi ya adabu tu. Kisha yule baba wa Kisiba akasimama.

"Haya wamekariri," alisema. "Mimi nina swali langu. Waulizeni kwa nini sufuria inafunikwa kwa jani na si kwa mfuniko."

Hatukuwa tumejiandaa kwa swali hilo. Nililitafsiri kwa Kiingereza, na binti yake mwenyewe akasogea mbele. Akaanza. Akakosea neno, akasimama, nami nikafumba macho. Nikamsikia akicheka kidogo, akiomba radhi kwa Kiingereza, akijirekebisha mwenyewe na kuendelea: jani linashika mvuke, linaachia harufu yake, na bibi yake alipika hivyo kabla mifuniko haijafika dukani. Halafu akageuka, akamweleza baba yake yote kwa Kinyakyusa, taratibu, asiachwe nyuma.

Baba hakukaa. Alivua kofia yake akaikunja mikononi. "Ndaga fijo," akasema, asante sana, na sikujua anamshukuru nani kati yetu. Nilijua tu kwamba sikuwa nimewahi kufundisha kitu kikubwa kuliko kule kucheka kidogo na kuendelea.

Wiki iliyofuata alibisha hodi kwa bibi, mkungu mzima wa ndizi begani.

"Mwalimu, wanunuzi wa chai siku hizi wanakuja wenyewe, na wengine ni wageni. Wanazungumza Kiingereza mbele yangu, mimi nakodoa macho tu. Naomba unifundishe."

Nikamwambia aje Jumamosi. Alikuja na jirani yake. Jumamosi ya pili akaja mwenye duka la vitambaa ambaye babu yake alihamia kutoka pwani, na baada yake, huku akijifunika uso kwa kanga, yule mama muuza ndizi wa sokoni. Sebule ilijaa, wengine wakaketi juu ya magunia ya mahindi.

Nilimvutia bibi kiti naye akae. Akakataa.

"Mimi lugha mbili zinanitosha," alisema, akipaka mafuta mikononi. "Wewe wafundishe watu wako. Mimi nawapikia."