Mjomba wa Bibi Restuta

Bibi Restuta hakuweza kumwacha mtu apite bila kumuuliza wajomba zake ni akina nani. Alimuuliza nesi aliyekuwa akimdunga sindano, akamuuliza mchungaji akiaga waumini mlangoni. Wa kwake mwenyewe hakuwajua. Mama yake, Emilia, aliletwa misheni Mpwapwa mwaka wa njaa, akiwa mdogo mno, hata kijiji chao akakisahau.

"Nimeitwa mama, nimeitwa shangazi, nimeitwa bibi," alikuwa akisema. "Nife hakuna aliyeniita mpwa?"

Mjukuu wake Elieth, karani jijini Dodoma, akaomba likizo, akampeleka kanisani Mpwapwa. Katekista Joel aliwafungulia kitabu cha ubatizo kilicholiwa na mchwa pembeni. Jina wakaliona: Emilia, binti Matonya. Bibi akanyong'onyea. Akina Matonya aliwajua. Alipoolewa, ng'ombe wa mahari anayestahili mjomba alipelekwa kwao, kwa ajili ya jina hilo la mama yake. Wakamla ng'ombe, kisha wakasema binti mwenyewe hawamfahamu.

Elieth akaendelea kushusha kidole, akaangua kicheko.

"Bibi, huyu Matonya alikuwa hodari! Watoto wote hawa, wa rika moja, ubatizo wa siku moja!"

Joel akainama kutazama, naye akacheka. "Huyo alikuwa mwinjilisti. Watoto wa njaa waliandikwa kwa jina lake. Soma huku mwisho, wameandika walikotoka."

Kilikuwa kijiji cha karibu na Mtera, na jina la mzee aliyemtoa mtoto, baba yake Emilia. Kesho yake wakaenda. Mzee alikwisha kufa zamani, lakini alikuwa na wake wengi, na kitinda mimba wa mke mdogo bado yupo: Thobias, mvuvi, aliyetoka bwawani na harufu ya samaki, nywele zake bado nyeusi.

Bibi akamkagua juu mpaka chini. "Huyu ndiye kaka wa mama? Huyu si ningemnyonyesha!"

"Mjomba hana udogo, mama," wanawake wa pale wakamchokoza. "Msalimie!"

Bibi Restuta, mwenye miaka sabini na kitu, akapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu," Thobias akajibu kwa aibu, na vigelegele vikameza maneno yake mengine.

Likizo ilipokwisha, Bibi alikataa kupanda gari. Elieth hakumwona tena akiwa hai. Alimwacha barabarani, amemning'iniza jogoo wa Thobias miguu juu, jogoo anapiga kelele na Thobias nyuma yake anacheka.

"Nenda," Bibi alimwambia. "Waambie nipo kwa wajomba. Huku mimi ni mpwa: nikitaka kuku nakamata, siombi mtu."