Mwaka Jiko Letu Lilipofungwa

Tango likikatwa hutoa harufu ya ubaridi, kama maji yaliyolala mtungini. Binti yangu anapenda sana matango, na kila akianza kuyakata mie huacha ninachokifanya. Narudi Bunju, kwenye nyumba yetu ambayo upande wa nyuma ilikuwa haijapigwa plasta, nikiwa na miaka kumi, mwaka ule baba alipofunga jiko.

Nikisema alilifunga, msidhani aliweka kufuli. Alilibeba jiko la mkaa akalipeleka stoo, akalifunika kwa gunia, kisha akanawa mikono taratibu kama mtu aliyetoka kuzika. Halafu akatuita sebuleni, mama, mie na mdogo wangu Joshua. Akasema kuanzia siku ile nyumba yetu itakula vitu vibichi vinavyoota ardhini. Nyama, samaki, mayai, maziwa, basi. Na hakuna kupika.

"Moto unaua chakula," alisema. "Mtu akila kilichokufa, naye hachelewi kufa."

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, amezoea kusema mbele ya watu wasiomkatiza. Mama alimtazama tu, mkono juu ya tumbo. Alikuwa na mimba, nayo ilikuwa imeanza kuonekana.

Miezi michache nyuma, baba mkubwa, kaka wa pekee wa baba, alianguka zizini huko Singida na kufariki kwa kiharusi. Baba alirudi kutoka msibani amekonda. Muda si mrefu naye akapata kizunguzungu darasani, chaki mkononi, wanafunzi wakamshika. Hospitali wakamwambia ana presha. Walimpa vidonge na kumwambia apunguze chumvi na mafuta. Lakini mwalimu mwenzake alimwazima kitabu, kopi iliyofifia, kilichosema magonjwa yote yanaanzia jikoni. Baba alikisoma na kalamu nyekundu, kama anasahihisha mtihani, ila hakusahihisha kitu. Alipiga mistari tu.

Basi tukaanza. Asubuhi papai na ndizi mbivu. Mchana kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, karoti, nyanya, tango, na nazi iliyokunwa juu yake. Jioni choroko alizoziloweka baba mwenyewe mpaka zikaota vimkia vyeupe, pamoja na karanga mbichi zilizolainika kwa maji. Nisiwadanganye, vingine vilikuwa vitamu. Parachichi lililopondwa na ndimu na nyanya ningekula hata sasa. Lakini kabichi ilikuwa na kelele. Tulikaa mezani sote wanne tukitafuna, na nyumba nzima ikasikika kama zizi la mbuzi. Baba akatutia moyo.

"Mtazameni tembo," alisema. "Mwili wote ule ni majani matupu."

Joshua, ambaye alikuwa na miaka mitano, alifikiri kidogo. "Na simba, baba? Simba anakula nini?"

Baba alimwambia amalize karoti.

Lazima niseme na hili: baba alipata nafuu. Kizunguzungu kiliisha, mkanda ukaongezwa tundu, akaanza kutembea kwa miguu kwenda shuleni. Vidonge aliendelea navyo, lakini sifa zote alizipa kabichi. Sie wengine ndio tuliokuwa na njaa, njaa ya ajabu ambayo tumbo limejaa lakini mwili bado unauliza.

Jirani yetu Mama Zuhura, mama wa Kilindi aliyekuwa akikaanga samaki, ndiye aliyeniokoa. Kila alfajiri alikwenda kuchukua samaki Kunduchi, na mchana aliwakaanga uani kwake. Harufu ile ilivuka ukuta bila hodi. Siku moja nikitoka shule nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaniitikia, akanitazama usoni, akaniwekea kibua kizima kwenye sahani ya bati bila kuniuliza neno. Nilikula mpaka miiba. Nikawa napita pale kila siku ya pili, kisha nanawa mikono kwa majani ya mchaichai ili baba asinuse kitu.

Alhamisi moja niliingia uani kwa Mama Zuhura kupitia mlango wa nyuma, nikasimama. Kwenye kigoda kando ya karai, mgongo umeegemea ukuta, alikaa mama yangu. Mkononi alishika kichwa cha samaki aina ya changu, na vidole viling'aa mafuta. Tulitazamana. Mama Zuhura aligeuka akaanza kupepea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Mikono umenawa?" mama aliniuliza hatimaye.

"Bado."

"Nenda kanawe, uje ule."

Nikakaa kando yake. Hatukucheka siku ile, ingawa baadaye tulicheka miaka mingi. Nilipomtazama karibu niliona midomo yake imepauka, na hata kunyanyuka pale kigodani alihitaji kushikwa mkono. Njiani kurudi alisema, "Usimwambie baba yako. Si kwamba namwogopa. Anapona, na sitaki aone tumemwacha peke yake."

Kisha bibi, mama yake baba, akaja kutoka Singida kumsaidia mama mpaka ajifungue. Alishuka na tenga lenye kuku wanne wa kienyeji na chupa kubwa ya samli ya nyumbani. Akafunguliwa mlango wa jikoni, akaona mahali pa jiko ni patupu. Baba akamweleza yote, kitabu mkononi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "baba yako alikunywa maziwa maisha yake yote. Alikufa mzee, na meno yake yote kinywani."

"Na kaka je?" baba aliuliza. "Kaka naye si alikunywa maziwa hayo hayo? Alikula nyama hiyo hiyo, samli hiyo hiyo. Yuko wapi, mama?"

Bibi alikaa chini kwenye mkeka, akafunga vizuri ncha ya khanga yake. Hakujibu. Nilikuwa nimesahau kwamba baba mkubwa alikuwa mtoto wake. Nadhani hata baba, kwa dakika ile, alikuwa amesahau, maana uso wake ulibadilika, akatoka nje.

Jioni ile bibi aliomba sahani. Alijikatia kabichi vipande vidogo sana, kwa kuwa magego hakuwa nayo, akakaa kando ya baba akala. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Hakulalamika. Kuku walitembea uani wakinenepa kwa maganda ya papai, nasi tulitafuna ndani. Baba alikuwa akimtazama mama yake anavyohangaika na karoti, kisha anatazama pembeni.

Siku ya saba au ya nane bibi alisema, bado anatafuna, "Majani haya si mabaya, mwanangu. Nimeona yanavyokusaidia, nami namshukuru Mungu. Lakini wewe humlishi mtu mwingine tumboni. Mtazame mkeo kucha."

Baba alimtazama mama kucha. Zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Asubuhi walikwenda kliniki pamoja, jambo ambalo baba hakuwahi kulifanya. Muuguzi alipima damu, akaipima tena. Mama ndiye aliyenisimulia kwamba muuguzi hakugomba hata kidogo. Alimwonyesha baba namba kwenye kadi na kumweleza kwamba kwa damu ile mama akijifungua anaweza asirudi nyumbani. Alimpa vidonge vya damu, akasema nyama, maini, samaki, mayai na mboga za majani zilizopikwa, na visisubiri kesho.

Waliporudi, baba alimketisha mama kitini, akaenda stoo. Nilimsikia akikohoa vumbi la gunia. Alitoka na jiko, akawasha mkaa mwenyewe, akapuliza mpaka macho yakatoka machozi. Bibi alinyanyuka kumsaidia, baba akamwambia, "Kaa, mama. Niache." Akamkamata kuku mmoja, akamchinja, akamnyonyoa vibaya, akamchemsha na tangawizi. Maini aliyakaanga peke yake kwa samli ya bibi na kumpelekea mama. Alisimama pale mpaka sahani ikaisha.

"Nimekuwa nikila samaki kwa Mama Zuhura," mama akamwambia.

"Ungekula wengi zaidi," baba alisema, akachukua sahani.

Miezi miwili baadaye alizaliwa mdogo wetu wa kike, mzima, analia kwa nguvu, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Tokea hapo meza yetu ikawa na bakuli kubwa la vibichi katikati na sufuria pembeni. Baba aliendelea na kabichi yake na vidonge vyake, akaongeza kipande cha samaki. Bibi alirudi Singida akiwa ameshazoea parachichi, hata akatuagiza miche.

Mwaka ule mie niliamini baba anatunyima chakula. Nilikuwa mkubwa, nina watoto wangu, nilipomuuliza kama kweli alikiamini kile kitabu.

"Kaka alipoanguka," alisema, "mimi nilikuwa huku nafundisha mito na milima. Sikufanya lolote. Halafu mimi mwenyewe nikaanguka, na nyie mlikuwa wadogo. Kitabu kilinipa kitu cha kufanya kila siku asubuhi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila choroko aliyoloweka ilikuwa ni mtu anayeomba miaka. Nikaelewa pia kwa nini bibi, badala ya kumjibu, alichukua sahani akala naye. Alikuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja.

Miaka aliyoiomba baba aliipata. Alinisindikiza kanisani siku ya harusi yangu, akawabeba wanangu wote wawili, na ana wajukuu wengine kwa Joshua. Hivi sasa amestaafu, yuko Bunju, na mama akimwita kula anachelewa kama kawaida yake. Mama anarudia kuita, na baba anaitika.