Swila wa Ukuta wa Jikoni

Enzi zetu pale Mwabungo, mtoto hakuulizwa kama anaogopa. Aliulizwa kama amemaliza kazi. Yangu ilikuwa kuokota mayai. Kila asubuhi kabla ya shule, nyanya aliyenilea aliniita kwa utani wake, "Mke mwenzangu, mayai!" nami nikajikokota hadi kwenye banda la kuku, kijumba cha makuti chenye giza, mkono ukitetemeka hata kabla haujaingia.

Siku hiyo nilipapasa kiotani nikagusa kitu baridi, laini. Kikasogea.

Swila aliinuka polepole, shingo ikapanuka mbele ya uso wangu. Nyanya alikuwa akifagia uani, mbele ya mlango wa banda. Aliona nilivyokauka, akajua.

"Usikimbie," alisema taratibu. "Mwangalie tu. Atakwenda."

Nikamwangalia. Mkojo ulinitiririka miguuni huku nikiyaona magamba yaliyopangika kama ukili wa mkeka, mkanda mweusi kooni, jicho lisilopepesa. Kisha akashuka, akapenya mwanya wa makuti, akaenda zake. Nililia hadi nikatapika. Shule sikwenda.

Tangu hapo kila nikifumba macho, yuko. Siku ya tatu, nyanya akiwa kisimani, niliokota kipande cha mkaa nikamchora ukutani jikoni, labda atanitoka kichwani. Sikuwa nimewahi kuchora kitu. Nilianza na jicho, na mkono ukaacha kutetemeka.

Nilipozisikia ndara za nyanya, hofu nyingine ikanishika: ukuta ule aliupaka chokaa mwenyewe kwa ajili ya Idi. Aliingia, ndoo ikamponyoka.

"Audhubillahi!"

Alirudi nyuma hatua mbili, mkono kifuani. Kisha akasogea ukutani, akamgusa yule swila kwa ncha ya kidole.

"Ndiye," alinong'ona. Nikangoja kofi. Akaniuliza, "Na jogoo, utamweza?"

Nilimweza jogoo, nikawaweza mbuzi, mpaka ukuta ukaisha. Sasa nina mvi, na bado nachora.

Watoto wa siku hizi, Mungu awaweke, hata hofu huipiga picha. Juzi, nyumbani kwetu Ukunda, binti yangu alikutana na kenge nyuma ya tangi la maji. Alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, lakini simu ilitangulia miguu. Jioni nikamuuliza, "Macho yake yalikuwaje?"

"Ngoja nitazame kwa simu, mama."

Picha ilikuwa imetikisika: ukungu wa kijivu tu. Akacheka, akaifuta, akaenda kula. Nilimwonea wivu kwa kusahau upesi vile. Baadaye, nikiosha vyombo peke yangu, nikamwonea huruma kwa kusahau kulekule.