Mfupa Uliomnyamazisha Milembe

Saa moja asubuhi, pikapu ya kampuni ya pamba inaingia senta ya Migato, wilayani Bariadi. Nyuma amesimama Milembe Mabula, miaka 26, kipaza sauti mkononi.

"Mwangaluka, bhabha! Mwangaluka, mayu!" anawaamkia akina baba na akina mama, kisha anamwaga bei ya leo, yote kwa Kisukuma.

Mzee mmoja anacheka. "Mwanangu, wale wa jana walituita kwa Kiswahili cha redioni. Nikadhani ni polisi!"

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kampuni nne zinagombea wakulima wa hapa. Milembe analipwa Sh1,200 kwa siku. "Akiita huyu, magunia yanakuja mbio," anasema dereva.

Sauti hiyo iliwahi kukaa kimya miaka miwili.

Mwaka 1981, Milembe akiwa darasa la tatu, shule yao ilikuwa na mfupa wa ng'ombe uliofungwa kamba. Aliyesikika akisema Kisukuma aliuvaa shingoni hadi amnase mwenzake. Aliyebaki nao jioni alichapwa.

Mfupa ukimwangukia kiranja Joakim Machibya, hakusubiri kumnasa mtu. Alimkanyaga Milembe vidole.

"Ukikanyagwa ghafla unalia kwa lugha ya mama yako," anasema Milembe. "Nikilia 'Mayu!' tu, mfupa wangu."

Ikawa hivyo siku kumi na tisa. Milembe akaacha kuzungumza shuleni, kwa lugha yoyote. Alipofika darasa la tano akaacha na shule.

Leo anamhimiza dereva amwahishe shuleni. Saa nne, wazazi wa shule hiyo wanapiga kura mfupa ubaki au uondoke. Binti yake, Nyamizi, yuko darasa la kwanza. Ameshauvaa mara mbili.

Darasa la mkutano limejaa hadi madirishani. Mwalimu mkuu anasema bila mfupa watoto hawatajua Kiswahili. Baadhi wanaitikia kwa kichwa.

Mwalimu Generoza, aliyeomba mkutano huu, anasimama. Alisoma na Milembe. "Mimi nilikuwa nawacheka waliovaa mfupa. Wiki iliyopita nilimkuta Nyamizi anacheza huku ameziba mdomo kwa kiganja. Sikucheka."

Milembe anainuka, lakini mwanamume wa nyuma anamtangulia. Ni Joakim, sasa fundi baiskeli.

"Niliyekuwa namkanyaga ni mimi. Niliogopa mfupa kuliko fimbo, nikakikimbia Kisukuma hata nyumbani. Leo wanangu hawawezi kuongea na bibi yao. Wanatazamana tu."

Macho yote yanamgeukia Milembe.

"Joakim," anasema, "siku kumi na tisa. Baiskeli yangu utaitengeneza bure mara kumi na tisa."

"Hata ishirini, dada!"

Darasa linalipuka kwa kicheko. Kisha Milembe anawageukia wazazi. "Kiswahili hiki ninachowaambia sikufundishwa na mfupa. Nimejifunza sokoni, kwa watu waliosubiri nimalize sentensi."

Mikono inahesabiwa mara mbili: 61 wanataka uondoke, 14 ubaki. Vigelegele vinawatoa watoto madarasani. Nyamizi anapenya katikati ya watu, anamrukia mama yake akipiga kelele, kwa Kisukuma, mbele ya mwalimu mkuu.

Dereva anapiga honi, lakini Milembe hajamaliza. Msimu wa pamba ukiisha, Generoza ataanzisha darasa la watu wazima jioni, na Milembe anataka kumaliza la saba.

"Niandike wa kwanza," anamwambia. "Na ujiandae, mwalimu. Nina maswali ya miaka kumi na tano."