Baga za Muuza Nyama

Tangu daktari alipomkataza mke wa muuza nyama kula nyama nyekundu, mumewe akirudi kutoka buchani husugua mikono kwa ndimu hadi viwikoni, kisha huingia jikoni. Maharage yaliyochemshwa huyatandaza kwenye kitambaa yakauke, maana yakibaki na maji baga humeguka kikaangoni. Huyaponda kwa uma, akayachanganya na karoti, uyoga na vitunguu, halafu hupima kila donge kwa kiganja kile kinene, akalibonyeza na kulipapasa mara mbili kama mgongo wa mtoto. Mafuta ni kijiko kimoja tu. Mkewe hukaa mezani akimtazama, kwa sababu mumewe amemkataza kugusa chochote jikoni.

Jumapili moja kaka yake mke, mla nyama asiye na mshindani, alikuja kula. Akamaliza mbili, akavuta ya tatu.

"Shemeji, hii ni sehemu gani ya ng'ombe?"

Mke akainamisha macho. Alijua maneno ya mtaani yanavyokwenda mbio, na kwamba mwenye bucha kupika maharage ni kichekesho cha mwezi mzima. Angemsamehe mumewe kama angedanganya.

Mumewe akafuta mikono polepole. "Hakuna ng'ombe hapo, shemeji. Ni maharage. Nampikia dada yako, na napika mwenyewe."

Shemeji akatafuna, akameza. "Basi utanifundisha. Presha yangu nayo haitulii."

Mke akasogeza sahani yake mbele. "Niongezee na mimi," alisema, ingawa alikuwa ameshiba zamani.