Kisiwa katika Shamba la Mama Goodness

Akina mama wa Hasamba wakilima kwa zamu, hawaachi kisiwa. Shamba likibaki na kipande cha majani katikati, mwenye shamba huitwa mvivu mpaka msimu mwingine, na togwa hainywewi. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwezi wa tatu, Marita alipochomeka vijiti kuzunguka kichaka cha majani bondeni kwake na kusema hapa msiguse, majembe yote yalisimama.

"Kuna dhahabu, Mama Goodness?" aliuliza Teresia, kiongozi wa kikundi.

"Kuna bata pori. Ana mayai."

Walichungulia. Alilala humo bata wa kahawia, uso mweupe kana kwamba ameuchovya kwenye unga wa sembe. Hakuruka.

"Mama mvumilivu huyu," alisema Agnes.

"Huenda ni baba. Wanapokezana. Mwenzake akija jioni anapiga mluzi, huyu anatoka kwenda kula majini. Wanafanana mno, nimeshindwa kuwatofautisha."

"Baba analalia mayai!" Agnes alimgeukia Lwitiko, mume wa Marita, aliyekuwa anatua ndoo ya togwa. "Shemeji, umewasikia wenzako?"

"Nipeni manyoya kwanza."

Walicheka, lakini Teresia hakulegea. Ndoo ilirudi nyumbani imejaa. Siku zilizofuata, kila Marita alipokwenda bombani, walimwita Mama Kisiwa. Alivumilia. Mwaka uliotangulia jembe lake mwenyewe lilipasua mayai ya namna hiyo, na ndege wawili wakazunguka juu yake wakilia mpaka giza likaingia.

Jumamosi vigelegele vya Marita vilipanda kutoka bondeni. Wanawake wakakimbilia huko, majembe begani. Vifaranga wenye mistari ya njano, hata manyoya hayajawakauka vizuri, walikuwa wanavuka udongo uliolimwa kuelekea majini, mzazi mmoja mbele, mwingine nyuma. Wa mwisho alitumbukia kati ya matuta, akapiga kelele. Teresia ndiye aliyepiga magoti, akabomoa tuta kwa mikono yake mpaka njia ikapatikana.

Familia nzima ilipoingia kwenye matete, alisimama, akakung'uta kanga.

"Haya, kisiwa kimehamwa. Mama Goodness, anza wewe."

Marita alipiga jembe la kwanza huku akicheka peke yake. Kabla umande haujakauka, shamba lote lilikuwa jeusi.