Apiyo Aliyetaka Tanuri la Stima

Siamini, na leo sitaki mtu aniambie niamini. Apiyo, rafiki yangu wa karakana ya vyungu pale Homa Bay, amefariki jana asubuhi. Ni kifua.

Daktari alimuuliza binti yake kama mama alikuwa anavuta sigara. Sigara! Apiyo, Msabato wa kutoka Migori, ambaye hata chai ya majani hakunywa! Alichovuta ni moshi wa kuni, miaka nenda miaka rudi, mbele ya macho yetu sote.

Acheni niseme hapa, kwa sababu mazishini tutaimba tu.

Miaka ya tisini tulikuwa wanawake kumi na wawili. Tulifinyanga mitungi ya maji na majiko ya udongo, yale yanayotumia makaa kidogo. Kila tukichoma, lori zima la kuni linaisha.

Apiyo ndiye aliyeona aibu kwanza. "Tunauzia watu jiko ya kuokoa miti, na sisi tunamaliza mlima mzima. Si huu ni uongo?" Leo watu wanalipwa kwenye seminar kusema maneno hayo hayo, wanaita kupunguza kaboni. Yeye aliyasema bure, akachekwa.

Akasema tuchome kwa stima. Manager wetu, mwanamume pekee pale, alicheka mpaka akashika meza. "Yaani Apiyo unataka kuchoma chungu na bulb?"

Sasa sikiliza alichofanya. Alisikia kuna shule imetupa stoo tanuri la stima la darasa la sanaa. Akaenda kuliomba mwenyewe, akarudi nalo juu ya lori la omena. Siku tulipoliwasha, karakana nzima ilinuka samaki, tukacheka hadi mbavu zikauma.

Stima ilikuwepo, maana posho mill ya kusaga unga ilikuwa ukuta mmoja na sisi. Na hiyo mitungi ilivyotoka, jamani! Nyekundu kila upande, na hakuna hata mmoja uliopasuka.

Tukaipeleka soko la Isebania. Wateja wakaigonga kwa kidole, ikalia vizuri, halafu wakairudisha chini. "Hii haijaiva, mama. Weusi ya moto iko wapi?" Kwao, mtungi usio na doa jeusi la moto ulikuwa bado mbichi.

Tulirudi nayo yote. Apiyo akatuomba, "Nipatieni soko tatu tu. Tutajaza maji hapo hapo, wajionee kama itavuja." Soko tatu! Hatukumpa hata moja.

Manager akaitisha meeting. Kura zetu zilikuwa za mlolongo, unasimama nyuma ya yule unayemuunga mkono. Apiyo alisimama upande wa stima, manager upande wa kuni.

Nyuma ya Apiyo hakusimama mtu. Tanuri likafunikwa gunia, baadaye likauzwa kama vyuma chakavu. Sisi tukarudi kwenye moshi, na yeye akawa anakohoa kila mwaka zaidi ya mwaka uliopita.

Nina hasira na yule manager na kicheko chake. Nina hasira na hao wa seminar. Lakini nisijifiche nyuma ya watu. Wa kwanza kwenda kusimama nyuma ya manager nilikuwa mimi, Atieno, niliyekula kwa Apiyo na kulala kwa Apiyo. Nilikuwa na mimba, nikaogopa kukosa wateja.

Siku hiyo hiyo zamu ya kuchoma ilikuwa yangu. Meeting ilipokwisha, nikainama nianze kupanga kuni. Apiyo akaja, akafunga leso kiunoni, akanishika mkono.

"Wewe uko na mtoto ndani, Atieno. Enda ukae mbali. Hii moshi wacha nivute mimi."

Na nikaenda, nikakaa mbali. Alinifanyia zamu zangu zote mpaka nikajifungua.

Mtoto huyo ni mtu mzima leo, anapumua vizuri. Pumzika salama, nyar Migori, binti wa Migori. Nilikukosea.